Teke la Bunduki na Sikio la Aliye Pembeni

Watu wanaolinganisha vifaa vya kufunga mdomoni mwa bunduki ili kupunguza teke karibu wote husimama mahali pamoja: nyuma ya kitako. Mtu anaweka bega, anafyatua, kisha anatoa hukumu kwamba hiki kimelainisha na kile hakikufanya kitu. Mimi kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilisimama pembeni. Nilikuwa askari wanyamapori, na kwa taratibu za nchi yetu mgeni hawindi peke yake; hufuatana na mwindaji bingwa aliyempokea, pamoja na mtumishi wa serikali wa kushuhudia kila mnyama anayepigwa. Mtumishi huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo nimevijua vifaa hivi kwa upande ambao wanaoviuza hawausemi, na nimeulipia kwa sikio langu la kushoto.

Nimezaliwa Nyamwaga, wilayani Tarime, enzi ambazo hakukuwa na majengo ya halmashauri wala malori ya mgodi yakielekea Nyamongo. Kwetu bunduki ilianza kuzoeleka kupitia jeshini. Vijana wengi wa Kikurya, wa upande wetu na wa upande wa Kenya, waliingia Keya, yaani King's African Rifles, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Burma wakati wa vita vya Hitler, akarudi na maneno machache sana kuhusu vita na maneno mengi kuhusu bunduki yake, Lee-Enfield ya .303. Alitufundisha kushika bunduki kwa kutumia mpini wa jembe. Ukiuegemeza nje ya shimo la bega, anakupiga kibao cha mkono. "Mura, iingize ndani," anasema. "Ukiipa nafasi itarudi kuitumia."

Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Kehancha, naye aliingia Keya baadaye na kupelekwa Malaya miaka ya 1950. Yeye alisimulia bunduki nyingine, fupi, yenye faneli mdomoni, ambayo kila askari aliichukia. Baadaye nilikuja kuitambua: ni Lee-Enfield namba 5, iliyotengenezwa kuanzia 1944 kwa ajili ya vita vya msituni. Faneli ile haikuwekwa kwa ajili ya teke. Ilikuwa ya kuficha mwali, kwa sababu mtutu ukifupishwa baruti huendelea kuwaka nje, na usiku mwali ule unamfumba macho mpigaji na kumwonyesha adui alipo. Bunduki yenyewe ilipunguzwa uzito ikabaki na kilo 3.2 hivi, huku risasi ikiwa ileile ya .303. Halafu kitakoni wakaweka kipande cha mpira chembamba, chembamba kiasi kwamba nguvu yote ilikusanyika kwenye sehemu ndogo ya bega. Baba mdogo alikuwa akigusa bega lake anapoitaja, na alikuwa mzee tayari.

Nasimulia habari ya faneli ile kwa sababu hadi leo nakutana na vijana wanaoona chuma chochote chenye matundu mdomoni mwa bunduki na kusema ni breki. Viko vya kuficha mwali, na hivyo kazi yake ni kutawanya gesi ili isiwake. Teke haviliondoi kwa kiasi cha kujivunia. Viko vya kushikilia mtutu usiruke juu. AKM ya Kirusi, ambayo sisi wote tunaiita SMG bila kujali imetengenezwa wapi, ina kikono mdomoni kilichokatwa mshazari kama kijiko, na gesi inapokigonga huusukuma mtutu chini na pembeni, dhidi ya upande ambao ungekimbilia ukipiga mfululizo. Type 56 ya Kichina kwa kawaida haina kikono hicho. Mdomo wake ni mtupu. Aliyepiga zote mbili mfululizo anajua tofauti bila kuambiwa. Lakini begani, teke la risasi moja moja linakaribiana.

Breki yenyewe ni kitu kingine, na kuielewa inabidi kujua teke linatoka wapi.

Risasi inapokwenda mbele, bunduki inarudi nyuma. Hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana sana ni kwamba risasi si peke yake inayokwenda mbele. Baruti yote iliyoungua inakuwa gesi, na gesi ile inatoka mdomoni kwa kasi kubwa kuliko kasi ya risasi. Katika bunduki kama .300 Winchester Magnum, inayobeba baruti nyingi nyuma ya risasi nyepesi kiasi, gesi huchangia kama theluthi ya msukumo wote unaokuja begani. Sasa breki inachofanya ni kuiwekea gesi ile kuta. Gesi inagonga kuta zile na kugeuzwa pembeni, na inapozigonga inauvuta mtutu mbele, kama upepo unavyolivuta tanga la mtumbwi wa Musoma. Risasi imeshapita, haiguswi. Breki nzuri ya vyumba viwili au vitatu inaweza kuondoa nguvu ya teke kwa theluthi hadi nusu, na hakuna kifaa kingine cha kufunga mdomoni kinachoifikia kwa hilo. Nasema hivyo nikiwa sipendi breki, maana haki ya kitu lazima isemwe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini breki haikutufaa sana sisi wa kufukuza tembo. Nilipotoka Pasiansi, chuo cha wanyamapori kule Mwanza, niliyokuja kukabidhiwa kazini ilikuwa BRNO ya Kicheki, .458. Risasi yake ina uzito wa gramu 32, mara tatu ya risasi ya .303, na ganda lake limenyooka bila shingo, baruti yake si nyingi ukilinganisha na uzito inaousukuma. Pale gesi inachangia kama moja ya tano tu ya msukumo. Ukiifungia breki utapata nafuu, lakini ndogo kuliko ile anayoipata mwenye .300, na kelele utaipata yote. Teke la .458 kwa nguvu yake ni kama mara nne ya lile la .308 ya kawaida. Mtu aliyeizoea .303 akidhani anajua bunduki, .458 inamwonyesha kuwa hajui.

Kazi yetu ilikuwa pembezoni mwa Serengeti, katika vijiji ambavyo shamba la mahindi linaishia pale hifadhi inapoanza. Tembo wakiingia shambani usiku, watu wanapiga madebe, wanawasha mienge, wanatuma mtoto kwa baiskeli kuja kutuita. Mara nyingi tuliwafukuza kwa kupiga hewani. Pale ilipobidi kupiga kweli, ilikuwa karibu, gizani, mwenzako akiwa ameshika tochi begani kwako. Hebu fikiria breki hapo. Mwenye tochi yuko pembeni ya mdomo wa bunduki, mahali hasa ambapo breki inaelekeza gesi na mlio wote. Baada ya risasi ya kwanza hasikii tena, na tembo wa pili yuko mahali fulani ndani ya mahindi. Katika kazi ile sikio ndilo lilikuwa jicho letu. Tawi linalovunjika, tumbo la tembo linalonguruma, maji ya Mto Mara upande gani. Kifaa kinachokupa bega laini na kukunyang'anya vyote hivyo hakifai mtu wa kazi hiyo, na sijabadili mawazo.

Lakini sikio langu halikuharibiwa na .458. Liliharibiwa mchana kweupe, kwenye kitalu cha uwindaji, na bunduki ya risasi ndogo.

Miaka ya baadaye nilipangiwa kufuatana na wageni, katika mapori ya Maswa na Rungwa zaidi. Msimu unafunguliwa Julai, na siku ya kwanza ya mgeni yeyote ni siku ya kusawazisha bunduki. Zimesafiri kwenye ndege, zimegongwagongwa, darubini inaweza kuwa imehama. Kwa hiyo inatundikwa karatasi kwenye mti mita mia moja, mifuko ya mchanga inawekwa juu ya boneti ya Land Cruiser au kichuguu, na mgeni anapiga risasi chache. Zamani walikuja na .375 Holland & Holland, risasi iliyotoka mwaka 1912 na ambayo sheria yetu imeifanya kuwa kipimo cha chini kwa nyati, simba na tembo. Mitutu yao ilikuwa mitupu. Baadaye wakaanza kuja na za pili, ndefu, nzito, zenye darubini kubwa, kwa ajili ya swala wa mbali, na karibu kila moja ilikuwa na breki.

Mgeni mmoja alikuwa mtu mwungwana sana. Bunduki yake ya .300 ilikuwa na breki yenye matundu matatu kila upande, kila tundu upana wa kidole gumba, yameinamishwa nyuma kidogo, kumwelekea mpigaji mwenyewe. Zile zilizoinamishwa nyuma ndizo zinazovuta bunduki mbele kwa nguvu zaidi. Yeye alivaa vikinga masikio vya betri, vile vinavyopitisha maneno ya kawaida na kufunga mlio mkubwa. Mwindaji bingwa akavaa vya kwake. Mimi na wasoma nyayo wawili tulisimama kulia kwa gari, kama tulivyosimama siku zote, masikio wazi. Alipofyatua niliona vumbi la boneti likinyanyuka lote kwa pamoja na majani ya mti uliokuwa pembeni yetu yakigeuka upande wa chini. Mlio sikuusikia kama mlio. Ulikuwa kama kitu kimeniingia kichwani kwa upande wa kushoto. Msoma nyayo mmoja alichuchumaa akishika kichwa. Mgeni alikuwa anatabasamu, anamwambia mwenzake kwamba aliiona risasi ikitoboa karatasi kupitia darubini, bunduki haikuruka hata kidogo. Na ni kweli haikuruka. Alipiga tena, na tena.

Filimbi iliyoanza sikioni siku ile haijazimika hadi leo. Nikilala kwa upande wa kulia sisikii jogoo.

Daktari wa masikio alinieleza jambo ambalo ningependa kila kituo cha askari wanyamapori kiliandike ukutani. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unaweza kuviua kwa mpigo mmoja. Bunduki ya kuwindia bila kifaa chochote inafika 155 hadi 165 na zaidi kwenye sikio la aliye karibu. Breki inaongeza desibeli tano hadi kumi kwa aliye nyuma na pembeni, na kila ongezeko la tatu ni kuizidisha nguvu ya sauti mara mbili. Kwa hiyo tano au kumi si nyongeza ya kupuuza. Vizibo vya sponji vikiingizwa vizuri vinapunguza desibeli ishirini hadi thelathini. Kwa breki juu ya risasi kubwa, madaktari wanashauri kizibo ndani na kikinga juu yake, vyote viwili.

Niliwahi kuishika breki ile mkononi, jioni, mgeni alipoifungua kwa ajili ya kuisafisha. Ni chuma kidogo, kinakaa kiganjani. Kuta zake za ndani zilikuwa nyeusi kwa masizi, na ukingo wa tundu la kwanza, lile linalopokea gesi ikiwa bado moto kabisa, ulikuwa umeanza kulika na kung'aa. Inafungwa kwa hesi, na mgeni alinionyesha kwamba ikilegea robo mzunguko tu risasi zinaanza kutawanyika kwenye karatasi. Alinieleza pia kwamba ukiivua, bunduki inahamisha mahali inapopiga, kwa sababu mtutu unatetemeka tofauti ukiwa na uzito mwingine mdomoni. Kwa hiyo anayesema "nitaivua nikifika porini" lazima asawazishe upya baada ya kuivua. Wengi hawafanyi hivyo. Na wanaopiga wakiwa wamelala chini wajue breki ya matundu ya kuzunguka pande zote inapiga ardhi pia, na kwenye vumbi letu la Agosti hutaona shabaha yako wala mnyama wako mpaka upepo upite.

Kinachofuata ni kiwambo cha sauti, ambacho watu wetu wanakijua kupitia sinema za majambazi. Aliyekitengeneza na kupewa hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim. Baba yake ndiye aliyevumbua bunduki ya rashasha ya Maxim mwaka 1884, ileile ambayo Wajerumani waliitumia kuwafyeka wazee wetu wakati wa Maji Maji. Kiwambo hakifanyi bunduki iwe kimya kama sinema zinavyodai. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti ina mpasuko wake yenyewe, na huo hauzuiliki. Kinachofanyika ni gesi kushikwa ndani ya vyumba, ikapoa na kutoka polepole. Mlio unashuka desibeli ishirini hadi thelathini na kitu, na kwa kuwa gesi haikimbii mbele kwa ghafla, teke nalo linapungua, ingawa si kama la breki. Robo hivi. Uzito wake mbele ya mtutu unasaidia kutuliza pia.

Kina kasoro zake. Bunduki inakuwa ndefu, inanasa kwenye miiba. Ukipiga haraka kinapata moto na mvuke wa joto unacheza mbele ya darubini. Lakini ukinisimamisha pembeni na kuniuliza kifaa gani nichague, sihitaji kufikiri. Katika nchi za Finland na Norway wawindaji wanakitumia kama kitu cha kawaida, na majirani zao wanawashukuru. Kwetu Tarime najua jambo hilo si rahisi kulizungumza. Baada ya vita vya Kagera silaha nyingi zilizagaa, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale ukawa wa SMG. Niliwazika watu wa miaka ile. Anayeogopa kumpa raia kifaa cha kupunguza mlio ana sababu, na simbishii. Ninachosema ni kwamba vyombo vya serikali vyenye wapigaji wa shabaha wa mbali havina sababu ya kuchagua breki pale ambapo kiwambo kinaweza kupatikana.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja nyumbani. Yuko kwenye uhifadhi, na amekabidhiwa .375.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bega vipi?"

Akacheka, akafungua kifungo cha shati akanionyesha. Lilikuwa jeusi kwa juu, kwenye mfupa. "Nimesikia kuna breki za kuagiza. Fundi atakata hesi mdomoni."

Nikamwambia asimame kama anavyopiga. Niliona tatizo kabla hajamaliza: kitako kilikuwa kirefu kwake. Ni kijana mfupi, na bunduki ile imepimwa kwa mtu wa Ulaya mwenye mikono mirefu na koti zito. Ili afikie kifyatulio analazimika kunyoosha shingo na kukisogeza kitako nje ya shimo la bega, palepale baba alipokuwa akitupiga kibao. Kitako kikifupishwa kwa sentimita mbili na kuwekewa mpira mpana laini, .375 inaacha kuumiza na inabaki kusukuma tu. Bunduki yenyewe isipunguzwe uzito. Na mwezi mmoja afanye zoezi la ganda tupu: mwenzake anamjazia bunduki bila yeye kuona, mara risasi, mara ganda lisilo na baruti. Pale inapolia "tik" ndipo mtutu unapoonyesha wazi kama mpigaji anaudondosha kwa hofu kabla ya mlio. Hofu ile ndiyo inayokosesha shabaha, na breki hupunguza teke huku ikiongeza mlio, ambao wengi wanauogopa zaidi ya teke lenyewe. Nimewaona watu wazima wakifumba macho nyuma ya bunduki zenye breki ambazo zingekaa mkononi mwa mtoto.

"Na kule uwanja wa shabaha?" akauliza. "Wenzetu wa mafunzo wana ndefu zenye breki."

Kule sina ugomvi nazo. Mpigaji wa mbali anahitaji kuiona risasi yake ikitua ili arekebishe ya pili, na bunduki ikiruka hawezi. Breki inampa hilo kuliko kitu kingine chochote. Uwanjani watu wamepangwa mstari, wanajua lini mlio unakuja, na kila mmoja amefunga masikio. Ila atengwe kwa nafasi na jirani yake, na mwalimu asisimame pembeni ya mdomo.

Wito wangu ni kwa wamiliki wa vitalu na kwa wakuu wa vituo. Askari wanyamapori anapewa buti, koti la mvua na chandarua kwa sababu kuna mtu aliona anavihitaji. Vizibo vya sponji bei yake ni ndogo kuliko bei ya risasi moja ya .375. Mgeni anayekuja na breki mdomoni mwa bunduki yake aje na vizibo vya kuwatosha wasoma nyayo, dereva na mtumishi wa serikali, na asiruhusiwe kufyatua hata risasi ya kwanza ya kusawazisha kabla havijagawiwa na kuvaliwa.